Risasi Isiyo na Mlio

Mlango wa mbele wa nyumba ya Bibi pale Buguruni una rangi sita, moja juu ya nyingine. Nazijua kwa sababu nilizikwangua mwenyewe. Zilikuwa siku za mwisho za Ramadhani ya mwaka 2019, Idi inakaribia, na Bibi alitaka mlango upakwe rangi mpya kama ilivyo desturi ya nyumba yetu. Fundi alinipa kipande cha msasa akaniambia, "Sugua mpaka uone mbao, kijana, usinitegee." Basi nikasugua. Rangi ya kijani ikatoka, chini yake bluu, chini ya bluu njano kali kama embe dodo lililoiva, kisha nyekundu, kisha rangi ya maziwa, na mwisho kabisa kijivu ambayo hata Bibi hakumbuki ilipakwa lini. Vumbi lilinijaa kichwani, puani na mdomoni, na mie nimefunga. Sijui kama saumu ile ilisihi. Pembeni yangu, kwenye mkeka palepale barazani, mtoto wa Shangazi, mwaka mmoja na nusu, alikuwa anakunywa uji. Vumbi la njano lilikuwa likitua juu ya kikombe chake kama unga wa iliki. Hakuna aliyesema kitu. Shangazi alinisifu kwa bidii yangu.

Miaka miwili baadaye ndipo nilipopata kusoma habari za madini ya risasi, na tangu siku ile mlango ule nauona kwa jicho jingine. Makala hii ni historia ya vumbi lile: lilitoka wapi, nani alijua ubaya wake na lini, na watu wa mitaa kama yetu walifanya nini walipojua. Wanaopenda historia ya wafalme na vita watanisamehe.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kinaita madini haya risasi, jina lilelile la kitu kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki, na taabu yangu ilianzia hapo. Ukimwambia mtu wa Buguruni kwamba kuna risasi katika ukuta wake, anaanza kutafuta tundu. Nilimwambia hivyo mjumbe wetu, mzee wa watu, akaniuliza nani kapiga na saa ngapi, na kama nimesharipoti polisi.

Lakini watu wa pwani wameishi na risasi tangu zamani. Ni chubwi la mshipi wa mvuvi. Ni timazi la mwashi. Imo katika lehemu ya fundi bati, aliyeunga koroboi na madumu ya kuchotea maji. Hata wanja umo humo, maana aina nyingine husagwa kutokana na jiwe lenye risasi. Ni madini laini, mazito, yanayoyeyuka kwa moto wa mkaa wa kawaida, na ndiyo maana fundi yeyote mwenye jiko na kikaangio anaweza kuyafanyia kazi uani kwake. Nitarudi kwenye habari ya uani.

Nyumba ya Bibi ni ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, uani nyuma, baraza mbele. Babu aliijenga mwaka 1961 kwa miti, udongo na chokaa. Bwana J.A.K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyechunguza maisha ya Dar es Salaam mnamo 1956 na 1957 (kitabu chake kilitoka mwaka 1963), aliikuta Buguruni ikiwa pembezoni mwa mji, mahali pa minazi na njia za miguu. Mji ukaifuata baadaye. Paa la kwanza la Babu lilikuwa la makuti, la pili la madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa, la tatu ndipo likawa bati. Na kadiri fedha ilivyopatikana ndivyo nyumba ilivyopakwa rangi, kwa kuwa rangi ndiyo inayomwambia mpita njia kwamba humu ndani watu wanakula.

Sasa tazama tunavyopaka. Kwenye ukumbi wa nyumba nyingi za Kiswahili, sehemu ya juu ya ukuta hupakwa chokaa au rangi ya maji, ambayo ni rahisi. Sehemu ya chini, toka sakafuni hadi kiunoni, hupakwa rangi ya mafuta, ili uchafu wa mikono ufutike kwa kitambaa. Milango na madirisha pia ni rangi ya mafuta. Na rangi ya mafuta ndiyo ambayo kwa miaka mingi wenye viwanda, huku kwetu na kote duniani, waliitia risasi: ikauke haraka, ishike vizuri, na hasa ing'ae. Njano kali, nyekundu kali, kijani inayotokana na hiyo njano, ndizo zilizobeba zaidi. Kiuno cha mtu mzima ndicho kimo cha kichwa cha mtoto. Bila ya mtu yeyote kukusudia, tumeiweka sumu pale ambapo mkono wa mtoto hufika, na baada ya mkono ni mdomo.

Mwilini risasi hufanya hila moja: hujifanya chokaa ya mifupa. Mwili wa mtoto unaokua unaitafuta chokaa hiyo kwa pupa, kwa hiyo unaipokea risasi kama mgeni wa heshima. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo hunyonya risasi aliyoimeza mara nne au tano zaidi ya mtu mzima, na kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mwenye njaa na mwenye upungufu wa damu hunyonya zaidi. Hujificha mifupani miaka na miaka, na mama anaposhika mimba hutoka huko ikamfuata mtoto tumboni. Ubongo ndio unaoumia zaidi. Hakuna kidonda wala kikohozi cha kukushtua. Mtoto anakuwa mzito wa kushika masomo, au mkorofi asiyetulia, na sie tunasema amerithi kwa wajomba zake.

Je, wakubwa hawakujua? Walijua, bwana. Mwaka 1904, katika mji wa Brisbane huko Australia, daktari mmoja wa macho, J. Lockhart Gibson, aliandika kwamba watoto aliowatibu walikuwa wanapata sumu kutokana na rangi iliyokuwa ikichunika kwenye uzio wa baraza za nyumba zao. Baraza! Niliposoma neno hilo niliweka karatasi chini nikatoka nje kupunga hewa. Mwaka 1922 jimbo lao, Queensland, likatunga sheria ya kuzuia rangi ya namna hiyo mahali ambapo mikono ya watoto hufika. Mwaka mmoja kabla yake, 1921, Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limepitisha mkataba mjini Geneva wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo. Tanganyika wakati huo ndiyo kwanza imetoka mikononi mwa Wajerumani. Babu yangu alikuwa hajazaliwa. Maana yake rangi zote sita za mlango wetu, hata ile ya kijivu, zilipakwa wakati elimu hiyo imeshaandikwa vitabuni, na makopo yaliendelea kushuka bandarini na kutoka viwandani bila neno. Marekani wenyewe, pamoja na utajiri wao, walingoja mpaka 1978 kuipiga marufuku kwenye rangi za nyumbani.

Na hata huko Marekani, mitaa ya walalahoi haikungoja serikali. Mwaka 1969, huko East Harlem jijini New York, kulikuwa na kundi la vijana wenye asili ya Puerto Rico lililojiita Young Lords. Walikwenda kukaa katika ofisi ya afya ya jiji wakidai wapewe vifaa vya kupimia watoto, walivyovipata wakapanda ngazi za majumba mabovu, mlango kwa mlango, wakapima. Umri wao ulikuwa kama wetu sisi tunaoandika katika kurasa hizi. Nilipomsomea Baba Mdogo habari hii aliniuliza kama wale vijana walikuwa na kazi ya kufanya.

Habari ya petroli nitaipitia mbio, ingawa nayo ilitugusa. Mwaka 1921 Mmarekani Thomas Midgley aligundua kwamba injini hutulia ukitia mchanganyiko wa risasi kwenye petroli, na kuanzia 1923 ikauzwa. Buguruni imebanwa kati ya Barabara ya Uhuru na Barabara ya Mandela, malori ya bandarini upande mmoja, daladala upande mwingine. Moshi wote ule tuliuvuta. Nchi za Afrika zilikubaliana Dakar mwezi Juni 2001 kuachana nayo, na kufikia Januari 2006 kusini mwa Sahara petroli hiyo ilikuwa imeondoka. Algeria ilimaliza ya mwisho duniani mwaka 2021. Huo ni ushindi mkubwa na haukutangazwa hata nusu ya ushindi wa Simba na Yanga. Ila risasi haiozi. Iliyotua kwenye udongo wa kando ya barabara imebaki pale, na watoto wanachezea gololi juu yake.

Kisa kilichonifanya nishike kalamu ni cha majirani zetu, Mombasa. Upande wa Changamwe, karibu na Mikindani, kuna mtaa unaitwa Owino Uhuru, watu wapatao 3,000, nyumba za udongo na mabati, mtu akisafiri toka Buguruni akashushwa pale hatapotea. Mwaka 2007 kilifunguliwa kiwanda ukutani kwao hasa, cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Moshi uliingia madirishani, vumbi likakaa juu ya mabati, maji machafu yakapita kati ya nyumba. Mwaka 2009 kiwanda kilimwajiri mama kijana, Phyllis Omido, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kushughulikia taarifa ya mazingira. Taarifa ilionya kwamba kiwanda kile hakifai kuwa pale karibu na watu. Akaondolewa kwenye kazi hiyo. Mara mtoto wake mchanga akaugua. Homa hazishuki, dawa za malaria hazisaidii, mpaka alipopimwa risasi katika damu. Mtoto hakuwahi kucheza kiwandani. Aliipata kwa maziwa ya mama yake.

Omido aliacha kazi. Angeweza kuishia hapo, maana kiwanda kililipa gharama za hospitali. Badala yake alirudi mtaani, akapeleka watoto wengine wapimwe, nao wakakutwa nayo. Wakaunda chama cha kutetea haki na mazingira, wakaandika barua zisizojibiwa, wakaandamana. Mwaka 2012 alikamatwa pamoja na wenzake na kushtakiwa kwa uchochezi. Mahakama ikamwachia huru. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Kesi ya wananchi iliendelea mpaka tarehe 16 Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi pale Mombasa ilipoamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na mahali pale pasafishwe. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaiondoa fidia. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu mwenyewe: mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipofunguliwa alikuwa ana miaka 17 siku hukumu ya mwisho iliposomwa.

Kwetu nako watu hawakulala. Shirika la AGENDA, lenye makao yake hapahapa Dar es Salaam, lilishiriki katika uchunguzi wa rangi za madukani uliotolewa mwaka 2009 pamoja na nchi nyingine, na rangi nyingi za mafuta za Tanzania zilikutwa na risasi kupita kiasi. Kipimo ambacho Umoja wa Mataifa unapendekeza leo ni sehemu 90 katika milioni, yaani chembe tu. Tangu 2013 kuna wiki nzima kila Oktoba ya kukumbusha dunia jambo hili. Lakini kurekebisha rangi mpya dukani ni jambo moja, na rangi iliyokwisha pakwa kwenye mlango wa Bibi ni jambo jingine. Hiyo hakuna kiwanda kitakachokuja kuichukua.

Sasa uani. Baba Mdogo ni fundi betri. Kwa zaidi ya miaka 20 alipasua betri zilizokufa, akamwaga tindikali kwenye mtaro, akatoa vile vibao vya ndani na kuviyeyusha kwenye kikaangio juu ya jiko la mkaa, akamimina kwenye kifuu cha nazi au kalibu ya udongo. Alitengeneza vichwa vipya vya betri, na machubwi ya kuwauzia wavuvi wa Feri. Jiko lile lilikuwa hatua sita toka jiko la Shangazi. Utotoni tulipigania matone yaliyoganda, yanang'aa kama fedha, tukayatafuna kuyapa umbo. Nakiri kwamba yalikuwa na utamu fulani.

Nilipoanza kusema, hakunisikiliza. "Ada yako ya sekondari ilitoka kwenye risasi hii," aliniambia mbele za watu, na ilikuwa kweli. Nikanyamaza karibu mwezi mzima. Mambo yalibadilika kwa akina mama. Shangazi alinitaka nimsomee tena ile habari ya maziwa ya Mombasa, akasikiliza huku anachambua mchicha wa Msimbazi (na huo nao, wataalamu walioupima waliandika mwaka 1999 kwamba una madini haya). Jioni yake akawaita wapangaji wa kike wa nyumba yetu na za jirani wakakaa uani. Sikualikwa. Asubuhi jiko la Baba Mdogo lilikuwa limewekwa nje ya uzio, na hakuna mwanamke aliyekubali kumpikia mpaka alipoahidi kulihamisha.

Alihamia kando ya Barabara ya Mandela chini ya mwarobaini. Tukafurahi, tena sana. Ilichukua wiki mbili kugundua kwamba jirani yake mpya ni mama ntilie mwenye mtoto mgongoni. Hiyo ndiyo aina ya ushindi tulioupata, nauandika kama ulivyo. Baadaye aliacha kuyeyusha, sasa ananunua betri mbovu na kuziuza zikiwa nzima kwa watu wenye lori. Zinakokwenda kuna watu pia: utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulipima udongo nje ya viwanda vya kuyeyusha betri katika nchi 7 za Afrika, Tanzania ikiwemo, na sehemu nyingi ukakutwa na risasi.

Yako mambo madogo ambayo akina mama wale waliyashika na wanayafanya mpaka leo. Ukumbi haufagiliwi mkavu, unapigwa deki. Watoto wananawa kabla ya kula hata kama ni andazi. Mkeka wa mtoto hauwekwi chini ya dirisha linalochunika. Hayagharimu kitu ila maji, na maji Buguruni si kila siku yanatoka, kwa hiyo gharama ipo.

Kipimo cha damu ndicho kilichotushinda. Baba Mdogo ana binti, mdogo wetu wa mwisho, aliyezaliwa wakati jiko liko uani. Amerudia darasa la pili na bado kusoma kunamtoa jasho. Hospitali niliyokwenda kuuliza hawakuwa na kipimo hicho, wakanielekeza kwingine, na huko bei waliyonitajia ilikuwa zaidi ya mfuko wetu. Usiku mmoja Baba Mdogo alinikuta barazani, akakaa, akavuta sigara yake mpaka mwisho. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza njia: "Kwa hiyo unataka kuniambia nimemlisha mwanangu sumu?" Nilimwambia sijui, na kwamba bila kupima hakuna ajuaye. Akaitikia kwa kichwa. Sijawahi kuona mtu aliyetamani hivyo kuambiwa kwamba binti yake ni mzito tu wa kuzaliwa.

Mlango wa Bibi ulipakwa tena mwaka jana. Safari hii tulitandika nailoni chini, watoto wakapelekwa kwa jirani, na msasa ukachovywa kwenye ndoo ya maji ili vumbi lisiruke. Baba Mdogo ndiye aliyeshika msasa, hakukubali nishike mie. Fundi alilalamika kwamba mbao iliyolowa haishiki rangi na kazi italala siku mbili, tukamwambia ilale. Kopo alilokuja nalo tulilirudisha dukani kwa sababu halikuandikwa kitu kuhusu risasi. Tukapata jingine lililoandikwa halina, ghali kidogo, lakini njano hawakuwa nayo.

Bibi alilitazama kopo, akamtazama fundi, akatutazama sote.

"Haya, pakeni hiyo kijani," alisema. "Lakini njano nilikuwa naipenda."

Shuka zile zilizokwanguliwa, tope la rangi sita, tulizifunga kwenye mfuko. Mfuko bado uko stoo, nyuma ya pipa. Hakuna aliyejua pa kuutupa.